Tuliposimama kwa Bersezio

Shemeji yangu Eligio Barale hakuwahi hata siku moja kuniuliza kama nataka kwenda. Ikifika Agosti, juma lile ambalo nchi nzima inafunga maduka na kukimbilia baharini, yeye alikuja kupiga honi chini ya dirisha langu asubuhi, dada yangu Ersilia ameketi mbele na kikapu cha chakula mapajani, na mimi nashuka ngazi huku nanung'unika. Gari lao, Panda ndogo, lilikuwa la milango miwili tu. Ili niingie nyuma ilibidi Ersilia ateremke, akunje siti yake, mimi nijipenyeze, kisha airudishe na kukaa. Kuanzia hapo mpaka jioni sikuwa na mlango. Nikitaka kujisaidia naomba, nikitaka hewa naomba. Mtu mzima na mvi zangu, nilibebwa kama kreti la soda.

"Wenzetu wako baharini wanaoga," nilimwambia kila mwaka. "Sisi tunakwenda kusalimia mawe."

"Shemeji, hiyo bahari yako imeshinda mbio gani?" ananijibu, na gari limeshaondoka.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alifanya kazi kwenye tanuru la matofali tangu akiwa kijana mpaka alipostaafu, na sijawahi kumsikia akimpandishia dada yangu sauti. Mvinyo wake glasi moja wakati wa chakula. Bustani yake ya nyanya ilikuwa safi kuliko jikoni kwangu. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa wa kijiji kizima, kwa hiyo hakuna aliyeuita ugonjwa.

Kwetu Castelmorra kuna baa mbili zinazotazamana uwanjani mbele ya kanisa, na kilichozitenganisha si siasa wala dini. Moja ni ya watu wa Delfo Ravasco. Nyingine ni ya watu wa Nando Bersezio. Wote wawili walizaliwa mabonde ya jirani, wote wakawa mabingwa wa baiskeli miaka ile ya baada ya vita, na wote wameshakufa siku nyingi, ingawa ukiwaambia watu hivyo watakukasirikia. Ugomvi wenyewe ni huu. Siku wanapanda mlima wa Colle Brunata, wawili peke yao mbele ya wote, Ravasco alipata pancha kwenye kona ya mwisho kabla ya kilele. Bersezio alikuwa ubavuni pake. Akamtazama, akaendelea, akashinda. Watu wa Ravasco wanasema muungwana angesubiri. Watu wa Bersezio wanasema mbio ni mbio, si maandamano ya Bikira Maria. Basi, ni hilo tu. Kwa ajili ya tairi moja watu wamenyimana mabinti.

Halafu sijui ni nani huko juu aliyekosa kazi, akaamua minara yao ya kumbukumbu yote miwili iwekwe kwenye barabara ile ile. Jiwe la Ravasco liko kwenye kona ya pancha. Sanamu ya Bersezio, ya shaba, mtu mzima na baiskeli yake, iko kileleni kabisa. Na desturi ni kwamba ukifika kwa mtu wako unapiga honi, unashuka, unavua kofia, unamwachia chupa ya maji chini ya miguu. Ukifika kwa yule wa wenzako unapandisha vioo na kupita bila kugeuza shingo. Hata kama umebanwa na haja. Nimeona kwa macho yangu watu wa Ravasco wakisukuma gari lililochemka, moshi unatoka, mpaka wakaipita sanamu ya Bersezio ndipo wakafungua boneti.

Baba yetu alikuwa wa Bersezio. Sisi sote nyumbani tulikuwa wa Bersezio, na aliyempenda kupita wote ni Ersilia, kwa sababu yeye alimwona ana kwa ana. Alipokuwa msichana, bingwa alipita kijijini akiwa mazoezini, akasimama mlangoni kwetu kuomba maji, na aliyempa kikombe ni dada yangu. Wiki nzima hakutaka kikombe kile kioshwe. Lakini kwetu mwanamke akiolewa anahamia upande wa mume. Siku ya harusi yake, watu wa Ravasco walimvika skafu ya kijani, rangi ya jezi yao, pale pale mlangoni mwa kanisa. Baba akageuka pembeni akajifanya anapiga chafya.

Tangu siku hiyo Ersilia hakulitaja tena jina la Bersezio. Karibu miaka hamsini. Mimi sikuolewa, nikabaki na Bersezio wangu, nikawa na ruhusa ya kumchokoza shemeji hadharani. Ersilia alikaa mbele, skafu ya kijani inaning'inia kwenye kioo cha gari, na kila Agosti tukipita kileleni alipandisha kioo chake na kutazama mbele.

Sasa mwaka ninaousema, Eligio alikuwa ameanza kusahau. Siku ya Pasaka aliliingiza gari mtaroni, mita chache tu kutoka kwake, na alipotolewa hakujua alikuwa anakwenda wapi. Mtoto wao Ivano alikuja kutoka Torino siku hiyo hiyo. Ivano si mtoto mbaya, lakini ni mtu wa kupanga mambo, na alikuja tayari ameshayapanga. Kulikuwa na nyumba ya wazee kule mjini, ya masista, na nafasi ilikuwepo, lakini ya mtu mmoja. Baba angeenda huko. Mama angebaki nyumbani, au ahamie kwao, kwenye kile chumba cha kupigia pasi.

"Tutengane?" dada yangu aliuliza.

"Mama, utakwenda kumwona kila Jumapili," Ivano akasema. "Sikulazimishi leo. Ila niapie kitu kimoja. Siku akifanya jambo la kutisha, unanipigia simu saa ile ile."

Ersilia akaapa. Angefanyaje? Mtaro wenyewe ulikuwa unaonekana dirishani. Tangu hapo alitembea na kiapo hicho kooni, na ilipofika Agosti na Eligio akaanza kuosha gari, mimi nilidhani atamzuia. Hakumzuia. Aliniambia nijiandae, na asubuhi akanikunjia siti.

Mimi sijui kuendesha gari. Dada yangu hajui. Enzi zetu mwanamke wa Castelmorra alijua kuendesha cherehani. Kwa hiyo tulikuwa watatu ndani ya kigari kile, na mmoja tu aliyejua kukiendesha ndiye ambaye hatukujua leo anajua nini.

Tulianza vizuri. Tulifika mji aliozaliwa Ravasco, pale sokoni kwenye sanamu yake ya kichwa na mabega, Eligio akavua kofia, akatuhesabia ushindi wote mwaka kwa mwaka bila kukwama. Nikaanza kupumua. Tulipoondoka tukaingia kipilefti cha pale nje ya mji, tukakizunguka. Tukakizunguka tena. Mara ya tatu dereva mmoja wa basi la watalii aliyekuwa anatupisha alianza kutupungia mkono.

"Angalia Eligio, ile njia ya kiwanda cha maziwa," Ersilia akasema, kwa sauti ya mtu anayefurahia mandhari. "Si ndiyo tunayopita siku zote?"

"Ndiyo hiyo," Eligio akasema, akatoka.

Nikaelewa kwamba dada yangu amekuwa akifanya hivyo siku nyingi. Alikuwa anaendesha gari kwa mdomo. Kila njia panda alitaja kitu, mnara wa kanisa, shamba la fulani, duka la mbegu, na mumewe anafuata. Nilimwangalia kisogo chake kutoka nyuma, shingo imekakamaa, nikamwonea huruma mpaka nikakosa neno la kuchokoza.

Tulikula kando ya barabara, mkate uliojazwa mayai na mbogamboga, na jibini, na nyanya zake mwenyewe. Eligio akakata kipande akakifunga kwenye karatasi. "Hiki cha Ivano," akasema. "Amelala huko nyuma?"

Ivano ana mvi. Ana mtoto chuo kikuu.

"Amelala," Ersilia akasema. "Mwache apumzike."

Baada ya hapo likaja handaki. Tuliingia, taa za manjano, Eligio akaanza kupunguza mwendo, akapunguza, akasimama. Katikati. Akazima na injini. Akaweka mikono mapajani kama yuko kanisani. Nyuma yetu likaja lori, likapiga honi mpaka meno yakanitetemeka, na mimi niko nyuma kule, ndiye wa kwanza kugongwa, mbele yangu siti, kushoto bati, kulia bati. Nilimpiga dada yangu begani kwa ngumi. Yeye akamshika mumewe mkono polepole, akasema, "Washa, mume wangu. Bado kidogo tutaona mwanga." Akawasha. Tukatoka.

Tuliposimama penye chemchemi kujaza chupa, Eligio alikwenda nyuma ya mti, na mimi nikamvuta Ersilia kando.

"Dada, mpigie Ivano. Hapa simu inashika."

"Hajafanya kitu."

"Amesimama ndani ya handaki."

"Alikuwa anafikiri."

"Na lile lori, nalo lilikuwa linafikiri? Usinitie wazimu, Ersilia. Mbele kuna Brunata. Unazijua zile kona, unajua upande wa bondeni hakuna hata ukingo."

Alikuwa anafunga kifuniko cha chupa, anafunga na kufungua. "Nikipiga simu hiyo," akasema, "majira ya baridi nitakuwa napika sufuria ya mtu mmoja. Umenielewa, mdogo wangu? Nitalala kwenye kitanda kile nasikiliza friji. Leo Brunata tumalize. Barabara ile anaijua kwa mwili mzima, hahitaji kichwa."

"Na akishindwa?"

"Akifanya jambo ambalo Eligio ninayemjua hawezi kulifanya, nitapiga. Handakini mtu yeyote anaweza kusimama."

Nilitaka kumwambia kwamba hapana, si mtu yeyote. Lakini Eligio alikuwa anarudi anafunga mkanda wa suruali, akapiga makofi, "Haya akina mama, Ravasco anatusubiri." Siti ikakunjwa, nikaingia, siti ikarudi.

Ukweli ni kwamba alipanda vizuri. Dada yangu alisema kweli. Gia mahali pake, kona anazikata kwa upole, honi kila palipofichika. Tulifika kwenye kona ya pancha, akasimamisha gari pembeni kabisa, akapiga honi tatu, tukashuka wote. Aliweka chupa ya maji chini ya jiwe, akafuta vumbi kwenye jina kwa kofia yake, akasema kama anavyosema kila mwaka, "Hapa hakusubiriwa."

Na mimi kama kila mwaka nikasema, "Angebeba tairi la akiba."

"Shemeji, ungekuwa mwanaume ningekupiga."

"Ningekuwa mwanaume ningeshinda, nikakuacha hapa na pancha yako."

Akacheka sana, na Ersilia akacheka, na kwa dakika chache tulikuwa watu wa zamani, hakuna mgonjwa wala kiapo. Nakumbuka nilijisemea kwamba labda tunamwonea. Halafu ukungu ukashuka. Kule juu unashuka ghafla, unaona boneti na mbele ya boneti hakuna dunia. Tukaingia garini.

Kutoka pale mpaka kileleni si mbali, lakini nilikuwa nimeshika siti ya mbele kwa mikono miwili. Tulipokaribia, Ersilia akaanza kuzungusha mkono wa kioo, kioo kikapanda, kama ilivyo desturi. Kisha nikasikia indiketa. Tik, tik, tik. Nikadhani nimesikia vibaya. Eligio akakata usukani, akaingia uwanjani mbele ya sanamu ya Nando Bersezio, akavuta handbreki, akazima gari.

Dada yangu mkono ulibaki pale pale kwenye kioo.

Eligio akainama, akatoa chini ya siti yake chupa nyingine ya maji, akashuka. Tulimwona kwenye ukungu akienda mbele ya sanamu. Akavua kofia. Akaweka chupa kwenye miguu ya shaba. Akasimama, mikono nyuma, kichwa wazi, yeye, Eligio Barale, ambaye alikataa kuhudhuria ubatizo wa mpwa wake kwa sababu mtoto aliitwa Nando.

Nasema kweli. Handaki lilinitia hofu, lakini hili lilikuwa kubwa zaidi. Ni kama kuona padri amesahau ishara ya msalaba.

"Dada," nikasema.

"Nimeona."

Kuna baa pale kileleni, na mwenyewe ni mzee anayeitwa Battista, mtu wa Bersezio mpaka kwenye kucha. Alitoka na aproni yake, akaiona skafu ya kijani kwenye kioo cha gari letu, akamwona mzee amevua kofia, akaanza kucheka.

"Vipi bwana," akapaza sauti, "umepotea njia au umeokoka?"

"Nimekuja kusalimia," Eligio akajibu kwa adabu.

Nikaona kicheko cha Battista kinakauka. Akamtazama Eligio, akamtazama dada yangu aliyekuwa ameshuka na kushikilia mlango. Hata yeye hakuthubutu kutania tena. Akamsogelea dada yangu, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia, "Mama, huku juu simu za mkononi hazishiki. Ingia ndani. Ya mezani ipo, nitakupigia mimi ukinipa namba."

Ersilia akaufunga mlango wa gari, akaingia ndani. Kwa jinsi alivyochanganyikiwa, alinisahau. Siti haikukunjwa. Nilibaki kule nyuma, vioo vyote juu, nimejikunja, natazama mlango wa baa ukifungwa.

Eligio alikaa pale kwenye sanamu kitambo kizima. Anageuka, anatazama gari, anageuka tena. Kisha akarudi, akafungua mlango wake, akakaa kwenye usukani.

"Ameenda wapi?" akaniuliza.

"Yuko ndani, Eligio. Atarudi."

"Nilidhani atakuja tusimame wote." Akaifuta kofia kwa kiganja. "Nimemleta kwa mtu wake, naye ameenda kunywa kahawa."

Sikuelewa. Au nilielewa nusu. "Mtu wa nani?"

"Shemeji, wewe unadhani mimi mjinga. Kila mwaka tukipita hapa anapandisha kioo. Lakini anakipandisha polepole mno. Kioo kinaanza chini kule kwenye mwerezi, kinafika juu tumeshapita. Hapo katikati anatazama." Akatabasamu. "Nilijua mwaka ule wa kwanza tu wa ndoa. Nikanyamaza. Angeniaibisha, na mimi ningemwaibisha."

"Na leo?"

"Leo nasahau. Unadhani sijui? Kuna asubuhi naamka sijui ile nyumba ni ya nani mpaka nimwone yeye. Nikasema, kabla hili nalo halijanitoka, nimsimamishie gari hapa mara moja. Chupa nimeificha tangu jana asiione. Mwakani nitapita tu hapa kama mbuzi, sitajua nilitaka nini."

Nikaanza kupiga kioo. Nilimwita Ersilia kwa sauti yote niliyonayo, nilimwita kwa jina ambalo mama yetu alimwita, na pumzi yangu ikazidi kukitia kioo ukungu. "Kunja siti," nikamwambia Eligio. "Nitoe. Haraka." Akazunguka, akafungua mlango wa pili, akaanza kupapasa siti. Haikuwa kazi yake, miaka yote ni Ersilia aliyeikunja. Anavuta hapa, anabonyeza pale, mikono yake mikubwa ya matofali haikijui kile kichuma. "Chini, Eligio. Upande wa mlango. Chini zaidi." Mpaka siti ikainama na mimi nikatambaa nje kwa magoti, Ersilia alikuwa anatoka kwenye mlango wa baa.

Sikuhitaji kuuliza. Uso wake ulisema simu imeshapigwa.

"Njoo umsalimie mtu wako," Eligio akamwambia, akampa mkono. "Tumekusubiri."

Dada yangu akasimama. Akanitazama mimi, na mimi nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, anajua anachofanya. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu hivyo. Alikwenda, wakasimama pamoja mbele ya sanamu, mkono kwa mkono, na dada yangu, ambaye miaka yote ile alikuwa ametamani kuiona sanamu ile kwa utulivu, sasa analia, haioni.

"Eligio," akasema. "Nimempigia Ivano. Yuko njiani."

"Kwa nini?"

"Nilidhani akili zimekutoka."

"Hapa?"

"Hapa."

Eligio akaanza kucheka, kicheko chake kile cha pale kwenye kona, mpaka akakohoa. "Hata mimi ningempigia," akasema.

Ersilia alirudi ndani mbio kupiga tena. Mke wa Ivano akamwambia mumewe ameshaondoka na shemeji yake, yaani kaka wa huyo mke, ili aje aendeshe gari letu. Tukangoja. Battista alituletea supu na hakutaka tulipe, na hilo liliniudhi zaidi, kwa maana mtu wa Bersezio hamlishi bure mtu wa Ravasco ila akiwa anamhurumia. Nilimweleza. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho, kioo, chupa, na maneno yote. Alinisikiliza vizuri sana, akasema, "Sawa, mama, sawa," kwa sauti ile ambayo watu wanatumia hospitalini. Wakati huo Eligio alikuwa ameshamuuliza Battista mara mbili kama baa ile ni yake.

Ivano alifika giza linaanza. Alishuka, akamkumbatia baba yake, akamshika na uso. Eligio akampa ufunguo wa gari bila kuombwa. Mtu ambaye hakuwahi kumpa mtu ufunguo ule, hata fundi akilitengeneza gari alikuwa anasimama naye. Ivano akaupokea, akampa shemeji yake, nikaona macho yake yamejaa.

Ersilia akamvuta kando, nami nikawafuata. "Ivano, sikiliza. Nimekosea kukupigia. Baba yako alisimama hapa makusudi. Alisimama kwa ajili yangu. Mimi ni wa Bersezio."

"Mama."

"Tangu nizaliwe. Muulize mama yako mdogo."

"Ni kweli," nikasema. "Niliyasikia kwa masikio yangu. Alikuwa na akili zake zote."

Ivano alitutazama, mimi na yeye, vikongwe wawili kwenye ukungu. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira, ningejua namna ya kumjibu. "Mama, mama mdogo," akasema taratibu. "Mimi nimezaliwa Castelmorra kama nyinyi. Baba alisimama kwa Bersezio. Akavua kofia. Niambieni nyinyi wenyewe, kuna mtu wa Ravasco mwenye akili timamu anayefanya hivyo?"

Dada yangu akafungua mdomo. Lakini tungesema nini? Sisi wenyewe, saa chache kabla, ndivyo tulivyoona.

"Nitakwenda naye huko kwa masista," Ersilia akasema mwishoni. "Nitalala chini."

"Nafasi ni ya mmoja, Mama. Tumeshaongea."

"Basi nami nimesimama hapa. Niandikie na mimi kwamba sina akili."

"Mama, umechoka. Panda gari."

Eligio alikuwa amekuja nyuma yetu bila kelele, kofia mkononi. Hatukujua amesikia kiasi gani. Alimshika dada yangu kiwiko, akamgeuza taratibu kutoka kwa mtoto wake.

"Mwache, Ersilia," akasema. "Usimlaumu. Nilimfundisha mwenyewe kwamba hapa mtu mwenye akili hasimami."

Kisha akaivaa kofia yake, akaenda kukaa kwenye gari la Ivano, na tukaondoka.